Nailoni Haizuii Bakajani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Nyanya za Kitalu Nyumba Kigoma

Kuanzia Mwandiga hadi Manyovu, anayejenga kitalu nyumba huahidiwa mambo mengi na fundi wake. Mojawapo ni kwamba nyanya zake zimeshaponyoka bakajani chelewa, ugonjwa unaoacha mabaka na kukausha majani kana kwamba yameungua. Mvua za Novemba zikishika, wengine hukuta mistari mizima imeungua ndani ya nailoni waliyoilipia kwa mkopo. Haya ndiyo maneno yanayowaponza.

"Ukishaweka nailoni, bakajani imekwisha"

Kwa haraka maneno haya yana mantiki: ugonjwa huja na mvua, nailoni inakinga mvua. Lakini kinachouwasha ugonjwa huu ni jani kukaa limelowa kwa saa kadhaa, hewa ikiwa na ubaridi wa nyuzi 15 hadi 22 hivi. Jani haliulizi maji yametoka wapi.

Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye kitalu kilicholala mapazia ya pembeni yamefungwa. Matone yamejaa upande wa ndani wa nailoni, ukigusa nguzo yanakumwagikia. Yanateremka na paa hadi kwenye mshono au ubao, yanakusanyika hapo, kisha yanadondokea mstari uleule wa nyanya kila alfajiri. Geuza majani ya mstari huo. Baka huanza kama sehemu iliyolowa, kijani kilichopauka, halafu hugeuka kahawia hadi jeusi, na halina ile miduara ya bakajani tangulia, ugonjwa mwingine wa nyanya. Upande wa chini wa jani, pembezoni mwa baka, utaona utando mweupe mwembamba. Hizo ni mbegu za ugonjwa. Jua likipanda utando hukauka, usiuone tena, ndiyo maana anayekagua saa sita mchana hurudi nyumbani ameridhika.

Kwa hiyo kabla ya bomba la dawa, shughulikia hewa. Mapazia yakunjwe mapema asubuhi, na jioni yasifungwe kabla joto lenye unyevu halijatoka. Milimani Buhigwe watu hufunga saa kumi na moja kwa kuogopa baridi, na huo unyevu waliofungia ndani ndio unaogeuka matone usiku. Mwagilia asubuhi, kwa mipira ya matone, si kwa keni juu ya majani. Ondoa vichipukizi na majani ya chini yanayogusa udongo, na usibananishe miche kwa tamaa ya kujaza nafasi. Kuhusu fundi anayejenga bila kuacha uwazi wa juu wa kutolea hewa, mimi ningemdai arudi aumalizie kabla sijamlipa.

"Ugonjwa huu ni wa Mbeya na Njombe, Kigoma kuna joto"

Joto lipo, lakini la mchana. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika kwenye mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, usiku wa masika hushuka hadi karibu nyuzi 20, na hapo ugonjwa unastawi vizuri tu. Kwenye milima ya Buhigwe, inayovuka mita 1,500, hali ni rahisi zaidi kwake. Ni kweli joto linalozidi nyuzi 30 huudumaza, ila haliui kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Mawingu yakitanda siku mbili tatu, unaendelea ulipoishia.

"Ni ukungu, kwa hiyo dawa yoyote ya ukungu inafaa"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Kisababishi chake, Phytophthora infestans, si fangasi halisi. Kinafanana na fangasi kwa umbo, lakini ukoo wake uko karibu na mwani. Ndiyo sababu kabendazimu na salfa, dawa nzuri kwa magonjwa mengine, hazikifanyi lolote. Ukiwa dukani usiombe "dawa ya ukungu" ukaondoka na chochote unachopewa. Soma kiambato hai kwenye lebo, na uhakikishe kuna namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Mankozebu na dawa za kopa hukinga: hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ugonjwa zisiote. Zinapulizwa kabla baka halijaonekana, hasa mawingu yakianza kushika, na upande wa chini wa jani usisahauliwe. Metalaksili huingia ndani ya mmea, lakini tangu 1980 Ulaya ilishaona vimelea vilivyoizoea. Ukiipiga hiyo hiyo wiki hadi wiki, unachagua mwenyewe vile visivyosikia dawa. Badilisha kundi la dawa, si jina la kopo tu.

Na kuzidisha kipimo? Huunguza majani, humaliza fedha, na huacha sumu kwenye nyanya. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye lebo, na mlaji wa soko la Mwanga hawezi kuzisoma kwenye tenga.

"Majani yakikauka ni kantangaze"

Kantangaze ni mdudu. Anatoboa njia ndani ya jani, na ukiliinua kwenye mwanga utaona njia hizo pamoja na kinyesi cheusi cha funza. Dawa ya wadudu haigusi bakajani. Matango yakipata mabaka pia usidhani ni ugonjwa uleule. Mara nyingi huo ni ubwiri vinyoya, unaopenda unyevu vilevile.

"Udongo umeshaoza, hamisha kitalu"

Usikimbilie gharama hiyo. Kwa kawaida kimelea hiki kinahitaji mmea ulio hai, na mabuamabua yaliyokauka kabisa hayakihifadhi. Kinachokivusha hadi msimu ujao ni nyanya zilizojiotea nje ya kitalu, na zaidi viazi mviringo vilivyosahaulika ardhini au kutupwa jalalani. Mnavu nao unaweza kukibeba. Kwa hiyo usafi wa nje ya kitalu ni kazi sawa na usafi wa ndani.

Mmea ulioungua uukate wakati majani yamekauka, uufunge kwenye mfuko pale pale uliposimama, ndipo uutoe. Ukiukokota wazi kupitia katikati ya mistari, unazipangusia mbegu za ugonjwa kila nyanya unayoipita. Mfuko ukazikwe mbali, si nyuma ya kitalu ambako upepo wa jioni unaingilia.