Acheni kulaumu funguo: gitaa lako linatoka tyuni kwa sababu ya nati

Wiki hii nimeletewa gitaa la tatu mwaka huu lenye funguo mpya kabisa, vile vya kichwani vinavyokaza nyuzi, na ugonjwa uleule wa zamani. Mwenye nalo amebadilisha funguo zote sita, ameweka zile zenye skrubu ya kuubana uzi ndani ya nguzo inayozungushiwa uzi, na kazi ya kuzifunga ameifanya kwa mkono safi. Bado akiuvuta pembeni uzi wa G (nyuzi huitwa kwa noti zake) mara mbili, noti yake inashuka. Swali lake lilikuwa: "Fundi, sasa ninunue zipi?"

Nililiweka gitaa mezani nikaanza kuipandisha G taratibu. Sindano ya tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, haikusogea, haikusogea, halafu ikasikika *tik*, mlio mkavu kama ukucha ukigonga glasi, na sindano ikaruka ikapita G bila kusimama. Nikamwambia aweke kidole kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, nikarudia. Aliusikia mlio kwa kidole chake mwenyewe. Pale ndipo ulipotoka.

Mimi hutengeneza magitaa na besi kwa ajili ya kuyapenda tu, jioni na mwisho wa wiki, na sina cha kumuuzia mtu. Kwa hiyo naandika haya kwa uchungu wa mtu anayeona wenzake wakitupa pesa mahali pasipo na tatizo.

Tazama ufunguo wa gitaa ulivyoundwa. Ndani mna skrubu fupi inayosukuma gurudumu la meno. Unazungusha kishikio mara 14, au 18 kwa aina nyingine, ndipo nguzo inazunguka mara moja. Skrubu ile inaweza kulisukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuisukuma skrubu irudi nyuma. Msuguano wa meno yaliyolala vile unalizuia. Seti ya nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) kwenye gitaa la milimita 648 kutoka nati hadi daraja, kile kishikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, huvuta jumla ya kilo 45 hivi, maana yake kila ufunguo unabeba saba au nane. Tundika ndoo yenye lita saba za maji kwenye nguzo ya ufunguo wa kawaida, hata wa bei ya chini, uondoke, urudi kesho. Kishikio utakikuta kilipokuwa. Sasa uzi uleule wenye mvuto uleule utauzungushaje ufunguo kwa siri katikati ya wimbo?

Hauzungushi. Kinachotokea ni kwamba uzi umenasa kwenye mfereji wa nati, na mvuto wa upande wa kichwa na ule wa upande wa kupigia haulingani tena. Ukiuvuta uzi kwa kidole, upande wa kupigia unakuwa na nguvu zaidi, unanyofoa kipande kidogo cha uzi kutoka upande wa kichwa. Ukiuachia, kipande hicho kinapaswa kurudi kilikotoka. Nati ikikishika, kinabaki upande wa kupigia, uzi umelegea, noti imeshuka. Ukitumia mkono wa tremolo kulegeza nyuzi, mambo yanageuka: upande wa kichwa ndio wenye nguvu, unaunyonya uzi upite nati kwenda kwake, na ukiuachia mkono kinachokosekana hakirudi, kwa hiyo noti inapanda. Ukiona gitaa linashuka baada ya kuvuta uzi na kupanda baada ya kulegeza kwa mkono, hakuna ufunguo duniani unaoweza kufanya hivyo. Ufunguo unaoteleza huteleza upande mmoja tu, wa kushuka.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo zaidi ya tyuna. Tyuni G sawasawa, uvute toni nzima mara tatu, angalia tyuna. Ikiwa imeshuka, bonyeza uzi kwa kidole nyuma ya nati, kati ya nati na ufunguo, uachie. Noti ikirudi mahali pake au ikapita kidogo, umemkamata mwizi. Hujagusa ufunguo, na uzi umepata tyuni. Nimekionyesha kipimo hiki kwa watu ambao walikitazama, wakakubali kwa kichwa, halafu wakaniuliza tena kuhusu funguo.

Na kwa nini karibu kila mara ni G? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu husema "ufunguo wa G ndio mbovu" kana kwamba viwanda vyote vimekula njama dhidi ya herufi moja. Uzi wa G usiosokotwa ni wa milimita 0.43. Noti yake ndiyo ya chini kuliko za nyuzi nyingine zisizosokotwa, kwa hiyo chuma chake hakinyooshwi sana kuifikia: robo ya asilimia tu. Kutoka nguzo ya ufunguo hadi daraja kuna kama milimita 700, na robo ya asilimia ya hizo ni milimita 1.75. Hiyo ndiyo akiba yote ya uzi wa G, tangu ukiwa umelegea bila mvuto hadi unaimba. Sasa sehemu moja ya kumi ya milimita ikikwama upande usio wake, umepoteza karibu asilimia 6 ya mvuto. Sauti hufuata kipeuo cha pili cha mvuto, kwa hiyo noti inashuka karibu asilimia 3, na hiyo ni nusu ya nusu toni. Mtu asiye mwanamuziki anaisikia.

Uzi mwembamba wa E, wa milimita 0.25, umenyooshwa kwa asilimia 0.7, yaani akiba ya karibu milimita tano. Sehemu ileile ya kumi ya milimita ikikwama huko, inashusha noti kwa senti 17 hivi tu (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), theluthi ya hasara ya G. Nati ni ileile, mkwamo ni uleule, sikio linasikia tofauti. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini G huyumba kuliko E joto likibadilika: chuma hutanuka sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzijoto, na nyuzijoto 10 zinatosha kuishusha G karibu senti 40. Hilo si kosa la nati wala la ufunguo. Acha gitaa lizoee chumba, kisha utyuni.

Umbo la kichwa linaongeza lake. Vichwa vyenye funguo tatu kila upande, kama vya Gibson, vinailazimisha D na G kukunjwa pembeni mara tu zinapotoka kwenye nati, juu ya kukunjwa kwenda chini kwa sababu kichwa kimelala nyuma, digrii 17 kwenye magitaa mengi ya aina hiyo. Uzi unasuguana na sakafu ya mfereji na ukuta wake kwa pamoja. Mtengenezaji magitaa Leo Fender alipanga funguo zote sita upande mmoja ili nyuzi zitoke moja kwa moja, na huo ni uamuzi ninaouheshimu kila ninapochora kichwa kipya. Lakini kichwa chake ni bapa, kinahitaji vile vishikio vidogo vya kuzikandamiza nyuzi nyembamba, na kishikio chenye ukingo mkali hunasa uzi vilevile.

Sasa niseme lililo la haki kwa wanaonibishia, kwa sababu wengi wao si waongo. Wanasema: "Nilibadilisha funguo na gitaa likapona." Naamini likapona. Ila tazama ulifanya nini siku ile. Ulitoa nyuzi kuukuu, ukaweka mpya, zilizo laini na zisizo na kutu wala alama za freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni. Pengine ulisugua mfereji wa nati bila kujua. Na kubwa kuliko yote, uliacha kuzungusha uzi mara saba kwenye nguzo, mizunguko imepandana kama kamba ndani ya ndoo. Mizunguko hiyo ni chanzo cha pili cha kutoka tyuni, na ni chanzo halisi: kila ukivuta uzi, inajikaza kidogo na kukupa urefu mpya. Ufunguo wenye skrubu ya kubana unaondoa mizunguko, ndiyo maana unasaidia. Mizunguko miwili au mitatu iliyoshuka kwa mpangilio kwenye nguzo ya ufunguo wa zamani ingekusaidia karibu sawa, bila kununua kitu.

Watu hunitajia pia Floyd Rose, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1979 kwa mfumo unaozibana nyuzi palepale kwenye nati. Mfumo ule unafanya kazi, nimeufunga mara mbili. Lakini ukishazibana nyuzi kwenye nati, umezitoa nje funguo, mizunguko na msuguano wa mfereji vyote kwa mpigo. Hauthibitishi upande wangu peke yake, na sitautumia hivyo. Ninachojua ni kwamba nikikata mfereji vizuri kwenye gitaa lisilo na kitu hicho, shida inaisha bila ufunguo kuguswa.

Namna ya kukata nitaipitia haraka. Tupa iwe na ukingo wa duara, na iwe pana kuliko uzi kwa sehemu chache za mia za milimita. Sakafu ya mfereji ishuke kuelekea kichwani, ifuate njia ya uzi kwenda kwenye nguzo yake, ili uzi uondoke kwenye ukingo wa mbele kabisa, upande wa freti. Ukikata kinyume, kilele kikawa katikati au nyuma, uzi utalia kama nzi kwenye chupa. Kina: bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Uwazi uwe kama unene wa karatasi ya kuandikia, sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwa mkubwa zaidi, noti za freti za kwanza zinapanda kila ukizibonyeza, na utakuja kulaumu daraja bure. Besi iachie zaidi kidogo, uzi wake unachezea nafasi kubwa.

Kwa wasio na tupa za nati, kipande cha uzi kuukuu uliosokotwa, kilichofungwa msasa mwembamba, kinafanya kazi. Zile sindano za kusafishia midomo ya tochi za kulehemu pia nimezitumia, ila zinapinda, na zikipinda sakafu inatoka na kitumbo katikati. Nenda polepole. Msuguo mmoja wa tupa wa ziada na umeshapita kina.

Ukipita, vitabu vinasema jaza mfereji kwa unga wa mfupa na supagluu, ukate upya. Nimefanya hivyo mara nyingi, na sasa nina shaka. Kwenye nyuzi nyembamba kiraka kinadumu. Kwenye nyuzi zilizosokotwa, na hasa kwenye besi, misokoto inakitafuna kama tupa ndogo, na baada ya miezi michache nakuta ngazi mle ndani. Siku hizi nikipita kwenye E ya besi natengeneza nati nyingine.

Shaka yangu ya pili ni risasi ya penseli, dawa ambayo kila mtu anaipendekeza, mimi nikiwemo kwa miaka mingi. Inapunguza msuguano, ndiyo. Lakini mfereji uliobana unabaki umebana, na baada ya siku kadhaa za kupiga, uzi umeshaifuta. Naiona sasa kama kipimo: ukipaka penseli, gitaa likatulia jioni ile kisha likarudia, umethibitisha kwamba nati inahitaji tupa. Na kuhusu mfupa dhidi ya plastiki, natumia mfupa kwa sababu unakatika vizuri na haushiki uzi. Wanaosema wanausikia mfupa hata kwenye freti ya 7 hawajaweza kunieleza nati inafanya nini pale uzi ukiwa umeshakatwa na freti.

Besi ina jambo lake moja ambalo watu hulichanganya na hili. Kwenye vichwa vya mtindo wa Precision, ile besi ya Fender ya mwaka 1951, kile kishikio cha kukandamiza nyuzi hushika D na G tu. A inabaki na pembe ndogo juu ya nati, inatikisika ndani ya mfereji wake, na mwenye nayo anaitaka nati mpya au ufunguo mpya. Acha uzi wa A mrefu zaidi wakati wa kuufunga, uzungushe mpaka chini kabisa ya nguzo. Pembe inaongezeka, mtikisiko unaisha.

Funguo mbovu zipo. Ile nati ya chuma ya kukazwa kwa spana (si nati ya nyuzi), inayoshika nguzo kwenye kichwa, ikilegea, nguzo inaegemea upande, ikaze. Meno yakichakaa, kishikio kinazunguka kidogo bila noti kubadilika. Hata ufunguo huo unatumika ukijua kuutyuni: shuka chini ya noti, kisha panda uifikie, ili meno yabaki yamegusana upande wa mvuto. Ukiifikia noti kwa kushuka, nafasi ya meno inabaki wazi na uzi utaimaliza wenyewe baada ya wimbo mmoja. Hapo ndipo ufunguo hushusha noti kweli, na hata hapo dawa ni mkono wako.

Gitaa la huyu bwana nililifungua jana jioni. Mfereji wa G ulikuwa umekatwa kwa ajili ya uzi mwembamba kuliko anaoutumia, na kuta zilikuwa zinang'aa pale ulipokuwa ukishikwa. Dakika ishirini za tupa na msasa laini. Nimeuvuta toni moja na nusu mara kumi, na tyuna inaonyesha senti mbili chini, zinazorudi nikibonyeza nyuma ya nati. Bado kidogo, basi. Na D nayo inatoa ule mlio, kwa mbali. Nitaikata kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri.