Paa la mashua linapodondosha maji bila mvua

Wenye mashua wanaonijia hapa Shela, Lamu, mara nyingi huwa wameshautaja ugonjwa wenyewe: "Fundi, inavuja juu, nitilie kalafati." Wageni walilala chini ya turubai, wakaamka shuka zimelowa na godoro limeloa upande wa chini, na mvua haikunyesha. Basi nahodha ananunua gundi, anaziba kila ufa, analishusha turubai mpaka ukingoni na kulikaza kwa kamba pande zote. Usiku unaofuata maji yanazidi.

Kabla hujanunua kitu, onja. Pangusa tone kwenye ubao safi, ulitie ulimini. Likiwa na chumvi, bahari imeingia na kazi ni ya kalafati kweli, yaani kuziba nyufa za mbao. Likiwa halina, tazama limekaa wapi: maji ya mvua hufuata ufa au tundu la msumari, ilhali jasho, yaani mvuke wa hewa uliogeuka maji, hutapakaa paa zima kwa vitone vidogo vidogo. Kama bado una shaka, bandika kipande cha nailoni ubaoni, kingo zote kwa selotepu, ukiache usiku kucha. Maji yakitokea upande wa nje wa nailoni yametoka hewani. Yakitokea nyuma yake, ubao wenyewe ndio uliolowa.

Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 25, uwezo huo hushuka hadi gramu 23, na kilichozidi hakina pa kwenda ila kuwa maji. Chukua usiku wetu wa kawaida, tuseme nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 85: kitu chochote kikipoa hadi nyuzi 24 hivi kitatoa jasho. Tofauti ni nyuzi tatu tu. Sasa ongeza watu. Mtu mmoja aliyelala hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, kama theluthi ya lita ya maji kwa usiku. Ukiwapikia chai humo humo, kila kilo ya gesi inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, mbali na mvuke wa birika lenyewe.

Lakini nyuzi tatu hizo zinapotelea wapi, na joto letu hili? Zinapotelea juu. Usiku usio na mawingu turubai hutupa joto lake angani, likapoa kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo sababu paa la mabati hudondosha maji alfajiri na la makuti likabaki kavu: makuti ni manene na yana hewa katikati, upande wa ndani haupoi. Turubai la plastiki halina unene wa kuzuia chochote. Kusi ikivuma sana silisikii lalamiko hata moja. Malalamiko huja wakati wa maleleji, kati ya kusi na kaskazi, bahari imelala na nyota zote ziko nje, hasa kwa waliotia nanga kwenye mkono wa bahari wa Takwa, kisiwani Manda, ambako mikoko huzuia hata kale kaupepo kaliopo.

Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa na watu wa mifereji ya Uingereza. Wao wana boti ndefu za chuma, upana wake mita 2 na ushei, na wengi huifunika sehemu ya mbele kwa turubai. Shida yao ni baridi: chuma kimepozwa na maji ya mfereji na hewa ya Januari, na ndani jiko linawaka. Huwamba kuta kwa vitu vya kuzuia baridi, hupasha moto, na hufungua matundu. Hilo la matundu ndilo linalowapoteza watu wetu. Anayefungua dirisha Birmingham wakati wa baridi anaingiza hewa yenye mvuke mchache. Anayefungua Shela alfajiri anaingiza hewa iliyokaribia kugeuka maji yenyewe. Upepo bado una faida, kwa sababu huondoa pumzi za waliolala na hulirudisha turubai karibu na joto la hewa, lakini usiutarajie ukaushe kitu. Na vile vifuko vya kunyonya unyevu, kwenye chombo kilicho wazi ni pesa za bure.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni paa la pili. Turubai linabaki juu lipambane na anga. Chini yake, shibiri moja hivi, nawamba amerikani juu ya fito nyembamba. Kitambaa hicho hakikabiliani na anga, kwa hiyo hakipoi sana, na matone ya turubai huteremka juu yake hadi nje ya ukingo. Lakini kiwe na mteremko wa kutosha na kikazwe barabara. Kikilegea kitafanya tumbo, na maji yatakusanyika hapo hapo juu ya kichwa cha mgeni. Miisho miwili ya nafasi ile iachwe wazi. Wengine hutumia mkeka badala ya amerikani. Unapendeza kwenye picha, lakini usipouanika utaota koga.

Matundu nayo yana hesabu yake. Wageni hudhani chombo kikiwa nangani kitaelekea upepo. Mbele ya Lamu, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakivuta, chombo huelekea mkondo na upepo ukaja ubavuni. Usitegemee uwazi wa omo, yaani wa mbele, peke yake. Acha mwanya wa chini kila ubavu na mwingine juu kabisa, penye mgongo wa paa, maana hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu na hupanda yenyewe. Godoro liinue kwa chaga. Likilazwa juu ya ubao mtupu, jasho la mwili hukwama chini yake.

Chumvi ndiyo isiyoshukiwa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuunyonya, na usiku wa hapa hupita hapo bila taabu. Mto uliorukiwa na maji ya bahari mchana hautakauka usiku, hata uufanyeje. Suuza kwa maji matamu. Najua yana bei kisiwani, ila godoro jipya lina bei zaidi.

Kwa mbao mambo ni kinyume: maji ya bahari hayazidhuru sana, maji matamu ndiyo huziozesha. Kuvu wa kuozesha hawastawi ubao ukiwa chini ya asilimia 20 ya unyevu, na chumvi huwazuia. Hapo ndipo sanduku la barafu linapoharibu kazi. Wengi huliacha litiririke ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, pembeni mwa injini yenye moto. Maji yanageuka mvuke, na jioni sitaha ikipoa, upande wake wa chini unadondoka maji yasiyo na chumvi juu ya mataruma, mbavu za chombo. Tia mpira kwenye tundu la sanduku, maji yaende kwenye dumu. Ukishatia nanga, acha kifuniko cha injini wazi mpaka ipoe, toa maji ya ngama yote, kisha ndipo ufunge.