Irudishe thamostati yako, hata kama nchi ni ya joto

Jumatatu asubuhi, Ipogolo, Iringa, mwezi wa saba. Nimevaa koti juu ya ovaroli na pumzi inanitoka mdomoni kama moshi. Mbele yangu kuna Vitz ya 2006, injini 1NZ. Nimeshusha altaneta, nimefungua nati mbili za nyumba ya thamostati, kile kidude kinachoongoza maji ya kupozea injini, nachungulia: tupu. Mwenye gari, mwalimu wa sekondari, kasimama nyuma yangu kajikunyata ndani ya kitenge.

"Fundi wa Dar aliitoa," ananiambia. "Alisema hii nchi yetu ya joto, hicho kidude ni cha wenzetu wenye theluji."

Anayasema hayo meno yakigongana. Iringa, Julai. Na hilo ni gari la nne tangu mvua ziishe, kwa hiyo leo naandika, nikichoka kusema nitakuwa natuma huu ukurasa tu.

Mwalimu alikuja na malalamiko mawili, na aliyaona kama magonjwa mawili tofauti. La kwanza, akipanda mlima Kitonga na abiria na mizigo, taa nyekundu inawaka na gari linachemsha. La pili, mafuta yanakwisha upesi kuliko alivyozoea. Kuna la tatu ambalo hakulitaja, nililiona mwenyewe: ile taa ya bluu ya joto haikuzimika mpaka tulipokaribia kulizima gari. Vitz haina mshale wa joto, ina taa mbili tu, bluu na nyekundu. Kwake yeye nyekundu ni hatari na bluu ni "shwari". Maskini, bluu inasema injini ni ya baridi.

Gari moja, baridi mjini, moto mlimani. Ukimwambia mtu kwamba chanzo ni kimoja anakutazama kama unampiga sound.

Tuanze na hilo joto la nchi, tulimalize. Dar siku ya jua kali ni nyuzi 33 au 34. Thamostati ya gari hili imegongwa namba 82. Kati ya hewa ya Dar na joto ambalo injini inataka kuanzia kuna karibu nyuzi 50. Kwa injini, Dar na Tokyo ni mtaa mmoja. Vitz hiihii, kwa jina la Yaris, iliuzwa Oman na Ghuba yote, kiangazi kinapita 40 kivulini, ikiwa na thamostati ndani. Aliyeiunda hakuwa anafikiria theluji. Na hata kama ni theluji, nenda Makete mwezi wa sita kisha uniambie habari za nchi ya joto.

Sasa penye uchungu wangu.

Watu wanadhani thamostati ni mlango mmoja: ukifunga, maji hayaendi kwenye rejeta, ukifungua, yanaenda. Kwa hiyo ukiutoa mlango, maji yanapita muda wote, injini inapoa muda wote, raha mustarehe. Ingekuwa hivyo nisingekuwa na neno kubwa. Lakini kwenye 1NZ, na Toyota nyingi za umri huo, thamostati imekaa upande maji yanakoingilia kwenye injini, na ina sahani mbili kwenye mhimili mmoja. Sahani kubwa inaziba njia ya kutoka rejeta. Sahani ndogo, ile ya nyuma ambayo wengi hawajawahi kujiuliza ni ya nini, inashughulika na njia ya mkato, baipasi, inayorudisha maji ya moto kutoka kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, moja kwa moja hadi wota pampu bila kupita rejeta. Injini ikiwa baridi, kubwa imefunga, ndogo imeachia: maji yanazunguka ndani kwa ndani yapate joto haraka. Nta iliyomo ndani ikivimba kwa joto, mhimili unasogea: kubwa inaachia, ndogo inaziba. Mlango mmoja unafunguka, mwingine unafungwa, kwa tendo lilelile.

Ukiitoa, umeacha milango yote miwili wazi milele. Mjini, mzigo mdogo, kile kiasi kinachopita rejeta kinatosha kuipoza injini kupita inavyotakiwa: taa ya bluu. Kitonga, gia ya chini, mguu chini, injini inahitaji kila tone lipite rejeta, na sehemu ya maji inakata njia ya mkato na kurudi kwenye injini ikiwa ya moto kama ilivyotoka: taa nyekundu. Kwa hiyo umetoa thamostati ili gari lisichemshe, na limechemka kwa sababu umeitoa.

Kuna wajanja wanaochonga katikati na kubakiza ringi ili mpira usivuje. Ni yaleyale, yamepakwa rangi.

Na wenzangu tunaotetea thamostati, nanyi mniache kidogo. Kila mahali nakuta maelezo kwamba ukiitoa "maji yanakimbia sana, hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta." Hapana. Maji yakikimbia, yanakaa muda mfupi kwenye rejeta, kweli, lakini yanarudi huko mara nyingi zaidi, na yanakaa muda mfupi kwenye injini vilevile. Rejeta haina saa ya kusubiri. Tatizo ni njia ya mkato. Nikisikia hoja mbovu inatetea jambo la kweli nakereka kuliko nikisikia uongo mtupu, kwa sababu yule fundi wa Dar akiipangua hoja yako anaondoka na ushindi.

Kuhusu mafuta: kompyuta ya injini inasoma sensa ya joto la maji. Ikiona maji hayajafika inakotaka, inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli kidogo inateleza hadi kwenye oili. Giaboksi za otomatiki nyingi nazo zinasubiri joto kabla ya kukubali gia ya juu. Halafu fungua kifuniko cha oili: ukikuta uji mweupe kama mayonezi, usikimbilie kulaumu gasketi ya hedi. Injini isiyopata joto haikaushi unyevu wake, nao unaganda pale juu. Nimeona watu wamefunguliwa hedi kwa huo uji. Angalia kama maji yanapungua, angalia mapovu kwenye rejeta, angalia oili kwenye stiki, ndipo utaje gasketi.

Sasa niseme na yangu. Mimi mwenyewe nimezitoa. Miaka yangu ya kwanza nilizitoa bila hata kuulizwa na kuzitupia kwenye debe la vyuma chakavu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na mteja alikuwa anaondoka anafurahi. Ukweli ni kwamba thamostati iliyokufa ikiwa imefunga ni hatari kuliko kutokuwepo. Ukinipigia simu usiku uko katikati ya Kitonga na yako imeganda, nitakwambia itoe, panda polepole, ufike. Ila kesho yake tunaweka mpya. Tatizo la hii nchi ni dharura inayodumu miaka saba.

Na yapo magari yametembea miaka bila thamostati na hayajafa. Nayajua, usiniletee orodha. Mengine yana muundo tofauti usio na sahani ya pili, yanavumilia. Wala sitakuapia kwamba kila hedi iliyopinda niliyoishika ilipindishwa na hili. Mara nyingi rejeta nayo ilikuwa imeziba nusu, na viwili vikiwa vibovu pamoja, kusema kipi kilitangulia ni kupiga ramli.

Kuipima utaweza nyumbani. Sufuria ya maji jikoni, thamostati ining'inie kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto. Hii ya namba 82 ianze kuachia kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Huku kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo maji yakitokota kabisa ndicho kipimo chenyewe. Itoe ipoe, ifunge yenyewe. Pima hata mpya. Hasa mpya. Katika tatu za bei rahisi nilizonunua karibuni, moja ilifunguka maji yakiwa ya kuogea mtoto, na siku hizi kuna wakati naiamini iliyotumika kutoka Japani kuliko mpya iliyomo kwenye boksi linalong'aa. Si ushauri mzuri, lakini ndiyo hali.

Unaporudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, hewa ipitie hapo. Mpira mpya. Weka kulanti, ile dawa maalumu ya kupozea injini, si maji ya bomba na wala si ya kisima. Hii si habari ya baridi pia, ni habari ya kutu. Rangi isikudanganye, niliwahi kuuziwa maji yaliyotiwa kijani: yasugue vidoleni, yasipoteleza umepigwa. Usiionje, ni sumu, na mabaki usiyaache ambapo mbwa au mtoto anafika. Kisha toa hewa: kifuniko wazi injini ikiwa baridi, washa, hita weka moto wa mwisho, minyaminya hozi, ongeza, subiri feni iingie yenyewe. Ukikuta feni imeungwa moja kwa moja inazunguka muda wote, hiyo ni makala nyingine na presha yangu leo imetosha. Kifuniko cha rejeta kilichochoka kibadilishe; presha yake ndiyo inayopandisha kiwango cha kuchemka karibu nyuzi 20, na huku mlimani unazihitaji zote.

Saa saba mchana tulipanda na mwalimu hadi Kihesa kulijaribu. Kabla hatujafika mjini taa ya bluu ilizimika. Nilisubiri afurahi. Aliinama, akagonga dashibodi kwa kidole mara mbili, akanigeukia.

"Fundi, sasa hii taa yangu umeiunguza?"