Barua ya deni la fudistempu ikija, usiifiche kwenye droo

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, leo naongelea ile barua ambayo watu wanatuletea ofisini ikiwa imekunjwa mara nne na tarehe zote zimeshapita. Kazi yangu ni kusaidia familia kwenye kesi za misaada ya serikali na wengi ninaowahudumia ni waswahili wenzangu, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya. Hadithi huwa ni ileile, barua imeandikwa overpayment juu, mtoto wa shule ndo kaisoma akamwambia mama "wanasema tuliiba", mama wa watu halali usiku. Mama, haijasema hivyo. Inasema wamepiga hesabu wakaona mlipewa fudistempu nyingi kuliko mlivyostahili, yaani ule msaada wa chakula wa serikali, SNAP kwa jina la ofisi, na sasa wanaitaka hiyo ziada.

Cha kwanza kabisa, kabla hata ya kuangalia kiasi, tafuta wanasema kosa ni la nani. Kuna aina 3 tu. Kosa lako la bahati mbaya, mfano ulianza ovataimu kule kiwanda cha nyama ukasahau kuripoti. Kosa la ofisi yenyewe, ulipeleka stabu zote za mshahara wakakaa nazo. Na la tatu ni lile la kukusudia, wanadai ulijua ukaficha. Sasa hapa ndo watu wanakasirika na mimi siwalaumu: hata kosa likiwa la ofisi 100%, sheria ya SNAP bado inasema mrudishe. Na kuna jambo linakuja sasa hivi, sheria ya Julai 2025 imemtoa kwenye SNAP mkimbizi ambaye hajapata green card, kwa hiyo kama upo kundi hilo na kadi yako ya fudistempu bado inajazwa hela usichekelee, uliza, maana hata ikiwa wao ndo wamechelewa kuifunga deni litakuja kwako.

Kwa nini basi nahangaika na aina ya kosa? Kwa sababu ya makato. Kosa la bahati mbaya au la ofisi wanakata 10% ya msaada wa mwezi au $10, ile iliyo kubwa. Kosa la kukusudia ni 20% au $20. Familia inayopata $500 itakatwa $50 au $100, na kwa nyumba yenye watoto 5 hiyo $50 nyingine ni mchele na mafuta ya mwezi. Halafu kuna siri nyingine kwenye hesabu. Kawaida ofisi ikihesabu mshahara wako inatoa kwanza 20%, yaani ukilipwa $2,000 wanahesabu $1,600. Wakisema hukuripoti mshahara kwa wakati hawakupi hiyo punguzo, wanahesabu $2,000 nzima, na deni linavimba. Kama uliripoti na una ushahidi, hiyo 20% ni haki yako, kwa hiyo omba faili lako na hesabu ya mwezi kwa mwezi, kaa nayo mezani na stabu zako.

Una siku 90 za kuomba usikilizwe, yaani kulipinga deni, ila usingoje zote hizo, ukiomba kabla ya tarehe ya kuanza kukata kwa kawaida hawakati mpaka uamuzi utoke.

Kuna karatasi moja naiogopa kuliko zote. Wakikushuku umekusudia wanaweza kukutumia waiver, unaweka sahihi kwamba huhitaji kusikilizwa, na watu wanasaini wakidhani ni fomu ya kupanga malipo!! Ukisaini umekubali kutolewa SNAP miezi 12, mara ya pili miezi 24, ya tatu ni maisha. Familia yako wanaendelea kupata ila wewe hupo na mshahara wako bado unahesabiwa. Usisaini kitu hicho kabla ya kuongea na legal aid, yaani mawakili wa msaada wa sheria, ni bure.

Na kama kesi ilishafungwa huna tena msaada wa kukatwa, deni halifi. Ukikaa kimya siku 120 zikipita linapelekwa serikali kuu wanachukua refandi yako ya kodi, ile uliyokuwa umeipangia gari. Watu wazima wote waliokuwa kwenye kesi wakati ule wanadaiwa, hata shemeji aliyeshahamia Texas. Lakini kama hamuwezi kulimaliza ndani ya miaka 3, omba lipunguzwe, jimbo linaruhusiwa, ingawa halilazimishwi.

Upande wa matibabu ni tofauti kidogo. Wazee wa miaka 55 na zaidi, Medicaid, bima ya matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ikiwalipia nyumba ya wazee au huduma ya muda mrefu nyumbani, jimbo linaweza kudai kwenye mali wakishafariki, ila sio wakati mume au mke bado yupo hai. Na nyie mliochukua bima ya afya ya Marketplace, lile soko la bima la serikali, kwa punguzo, mkisema mtapata $30,000 halafu mkapata $45,000, punguzo mlilopewa zaidi linarudishwa kwenye kodi kupitia fomu 8962. Zamani kulikuwa na kikomo cha kurudisha kwa wenye kipato kidogo, kuanzia mwaka wa kodi 2026 kimeondolewa, kwa hiyo ukiongezewa mshahara rekebisha siku hiyohiyo.

Mtoto mwacheni asome shule, sio barua za kaunti, mkalimani ni bure na ni haki yenu. Ukipiga simu sema tu "Swahili" usubiri kwenye laini, na ukikatiwa andika saa na jina la aliyepokea, halafu piga tena.