Kujishikiza Kabla ya Kuripoti Kazini: Yasemwayo Mtaani na Ukweli Wake

Mwezi wa nane, Moshi. Barua ya ajira ipo kabatini ndani ya bahasha ya kaki, na tarehe ya kuripoti Arusha ni mwezi wa kumi. Mama anasema tulia nyumbani, usije ukaharibu. Mjomba anasema nenda kajishikize popote, shika kibarua cha muda, maana kodi ya chumba Sakina kule Arusha haitajilipa yenyewe. Nilipitia hapo, na leo kama afisa utumishi nawapokea vijana wanaotoka hapo hapo. Maneno wanayokuja nayo ni yale yale.

"Mwajiri wa kudumu akijua, anafuta ajira yako."

Mkataba wake haujaanza, na mshahara wake hujaanza kuula. Anachotaka ni kukuona siku aliyoiandika, ukiwa na vyeti vyako halisi. Hata hivyo, isome barua hadi mwisho. Wapo waajiri, hasa kwenye utalii, wanaoweka sharti kwamba usifanye kazi kwa mshindani wao. Kama sharti hilo halipo, huna cha kuficha. Ukiulizwa ulikuwa wapi miezi miwili, sema ulikuwa kazini. Mimi binafsi jibu hilo hunipendeza kuliko "nilikuwepo tu".

"Kibarua hakina mkataba, kwa hiyo hakina haki."

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Anayesamehewa ni yule aliyeajiri mtu wa chini ya siku 6 kwa mwezi. Na kama hakukuandikia, kisha mkafikishana kwenye shauri mkibishana mlikubaliana nini, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Vijana wengi hudhani ni kinyume chake, wakaogopa kudai.

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni ovataimu, na hulipwa mara moja na nusu. Ukidhulumiwa ujira, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ndani ya siku 60. Ukikaa ukimsubiri bosi "akae vizuri", siku hizo zinakwisha.

Ila wanaosema kibarua ni dhaifu hawajakosea moja kwa moja. Chini ya miezi 6 kazini, kwa kawaida huna likizo ya malipo, na huwezi kulalamika kwamba umeachishwa isivyo haki. Ukiambiwa kesho usije, umeondoka, unachodai ni ujira wako na notisi. Kwa mtu wa miezi miwili hilo si msiba, alikuwa anaondoka hata hivyo.

"NSSF utaanza upya, na bodi ya mikopo haitakuona."

Namba ya uanachama NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni moja, unaihamisha kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mkopo wa elimu ya juu nao haubagui: ukishafika wakati wa kurejesha, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, uwe wa kudumu au wa muda. Kodi ya mshahara inaanza kwa anayezidi shilingi 270,000 kwa mwezi, kwa hiyo vibarua wengi haiwafikii. Tahadhari ni kwa anayetaka kushika kazi mbili mwezi mmoja, kwa sababu ile ya pili hukatwa kodi ya asilimia 30.

"Panda mlima mara moja, pesa ya haraka hiyo."

Si uongo kwamba Juni hadi Oktoba Mlima Kilimanjaro una wageni, na kampuni zinatafuta wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Lakini ugumu si kazi ya kujaribia wiki ya mwisho kabla ya kuripoti. Pale geti la Machame mzigo unapandishwa kwenye mizani, kilo 20, halafu juu yake una begi lako mwenyewe. Njia hiyo ni siku 6 au 7 hadi ushukie Mweka, na mtandao wa simu unakuja na kupotea. Ofisi ikikupigia kubadili tarehe, itaambiwa hupatikani. Kama lazima upande, panda mwanzoni mwa kipindi cha kusubiri, na malipo ya siku yajulikane kabla hujaupandisha mzigo begani. Tipu ni ahadi ya mgeni, usiipangie bajeti.

"Kazi ya muda mfupi haina notisi, unaondoka tu."

Niliamini hili. Nilijishikiza wiki saba kwenye ghala moja la kahawa pale Moshi, nikiandika uzito wa magunia, nikilipwa kila Jumamosi. Ijumaa moja nikapigiwa simu: tarehe imeletwa mapema, ripoti Arusha Jumatatu. Nikamtumia msimamizi ujumbe, nikafunga begi. Malipo yalipokuja yalikuwa pungufu kwa siku nne, nikamlaani mjini kote.

Miaka baadaye, nikiwa upande wa pili wa meza, niliikuta sababu. Mwezi wa kwanza notisi ni siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au wiki hutoa siku 4, wa mwezi siku 28. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha yake. Ningemwambia mapema tu kwamba nina barua nyingine mkononi, tungepanga.

Halafu ofisi mpya ikaniomba cheti cha utumishi. Mwajiri anawajibika kukitoa kazi inapoisha, ila mimi sikukaa kukisubiri. Jumamosi ikabidi nipande Coaster kurudi Moshi, nikasimama mlangoni pa ghala kama mdeni. Msimamizi alinitazama, akacheka, akachukua kalamu. Akaniuliza: "Sababu ya kuacha tuandike nini, kijana?"