Ghazali, watoto wake, na swali la nafasi ya moyo

Swali hili huletwa baada ya darsa, na mara nyingi anayeliuliza ni mzazi: "Ustadh, nikishalipa ada na kodi, nikanunua unga na mafuta, sibaki na nguvu hata ya kujiuliza nimeumbwa kwa ajili gani. Je, ni hawa watoto wanaonizuia?" Mimi nasomesha akhlaki na tasawwuf, elimu ya kuusafisha moyo, na kila nikiulizwa hivi narudi kwa Imamu Abu Hamid al-Ghazali wa Tus, Khurasan, aliyefariki mwaka 1111. Swali hili alilipima kitabuni, na maishani likampima yeye.

Ihyaa Ulumiddin, kazi yake kubwa, imegawanywa katika vitabu 40. Cha 12 ni cha adabu za ndoa, na kinachokifuata ni cha kuchuma riziki. Mpangilio huo peke yake unasema jambo. Katika kitabu cha ndoa anataja faida tano na madhara matatu, kisha anamwachia kila mtu ajipime.

Dhara la kwanza, ambalo analiita kubwa kuliko yote, ni kushindwa kupata riziki ya halali. Aliye peke yake akikosa atalala na njaa yake. Mwenye watoto anaweza kunyoosha mkono pasipofaa. La pili ni kushindwa kutimiza haki za watu wa nyumbani na kuvumilia tabia zao. La tatu ndilo swali letu hasa: mke na watoto kumshughulisha mtu asimkumbuke Mwenyezi Mungu.

Ajabu ni kwamba hili la tatu analiweka chini ya yale mawili. Tena anafafanua kwamba hapa hazungumzii haramu. Anazungumzia halali tupu: kuwalimbikizia watoto mali, kujifaharisha nao, kustarehe nao kupita kiasi, mpaka usiku na mchana vinapita na mtu hajapata nafasi ya kuifikiria akhera yake. Nikiyasoma maneno haya naona miji yetu waziwazi. Mtoto anahitaji chakula, malezi, elimu na mzazi aliyepo. Shule ya gharama kuliko ya mtoto wa jirani, kiwanja cha tatu, sherehe ya kuwanyamazisha mashemeji, hayo hakuyaomba yeye. Tunayataka sisi, kisha tunayaandika kwa jina lake.

Sasa tazama faida ya tano. Ghazali anasema kuwalea watu wa nyumbani, kuwavumilia na kuwahangaikia ni mazoezi ya nafsi. Anamnukuu Bishr al-Hafi, zahidi wa Baghdad aliyeipa dunia kisogo, aliyekiri kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal amemzidi kwa mambo matatu, moja likiwa kwamba Ahmad anatafuta halali kwa ajili yake na ya wengine, na Bishr anaitafuta kwa nafsi yake tu. Anasimulia pia habari ya mwanazuoni Ibn al-Mubarak, akiwa vitani pamoja na wenzake. Aliwauliza kama wanaijua amali iliyo bora kuliko hiyo waliyomo. Wakasema hawaijui. Akawaambia anaijua: mtu mwenye familia, asiyeomba watu, ameamka usiku, akawaona watoto wake wamelala wamefunukwa, akawafunika kwa nguo yake.

Kwa hiyo familia imeandikwa kwenye orodha zote mbili. Kazi ileile ya kulea inaweza kumfungulia mtu moyo, au ikamjazia moyo mpaka pasibaki pa kitu kingine. Kinachotenganisha ni kile unachokifuata ukiifanya, na kama umejiwekea kiasi.

Lakini Ghazali hasemi kwamba kila mtu atanufaika na mazoezi haya. Anawataja watu wa aina mbili: anayehitaji kuirekebisha tabia yake, na mchamungu ambaye ibada yake ni ya viungo, sala na hija, bila safari ya ndani ya fikra. Kwa huyu wa pili kuihudumia familia ni bora, kwani kheri yake inawafikia wengine. Ama yule ambaye tabia yake imekwisha nyooka na moyo wake unasafiri katika elimu, huyo haoni sababu ya kuoa kwa ajili ya mazoezi. Ni maneno mazito, na sipendi yanaporukwa darsani ili wazee wa nyumba wafurahi.

Yeye mwenyewe alikuwa na watoto. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kufundisha katika chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanazuoni wengi. Mwaka 1095 moyo ukamvuruga: anaeleza kwamba ulimi ulifungika akashindwa kusomesha, chakula hakikupita, na matabibu wakakata tamaa. Akaigawa mali yake, akibakiza cha kumtosha na riziki ya watoto wake, akaondoka. Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Akaenda Baitul Maqdis (Yerusalemu), kisha Hijazi, nchi ya Makka na Madina.

Halafu akarudi nyumbani. Katika maelezo ya maisha yake, aliyoyaandika akiwa amepita miaka hamsini, anasema wazi kwamba wito wa watoto ulimvuta kwao, ingawa kurudi kulikuwa mbali kabisa na nia yake. Aliendelea kutafuta upweke, lakini anakiri kwamba mambo ya familia na mahitaji ya maisha yaliuchafua, na ule utulivu safi ukawa unamjia kwa nyakati za kuokotaokota. Hakukata tamaa, aliendelea hivyo kiasi cha miaka kumi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wa maana kuliko orodha zote. Imamu mkubwa kiasi hicho aliishi na moyo uliogawanyika, na elimu yake haikuharibika.

Jambo moja silikubali kwake. Faida ya nne ya ndoa, anasema, ni mwanamume kupumzishwa na kupika, kufagia, kutandika na kuosha vyombo, ili apate wasaa wa elimu na ibada. Wasaa wa mwanamume umepimwa vizuri. Wa anayepika haukupimwa. Alipokuwa mnarani Damascus, watoto walikuwa wakilelewa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye maelezo yake. Kina mama wanaohudhuria darsa zangu wana haki ya kukisoma kitabu cha 12 wao wakiwa ndio wenye swali, na dhara la tatu wanalijua kuliko waume zao. Nyumba ambayo baba ana darsa yake kila wiki, na mama hapati hata saa moja ya kukaa na msahafu wake bila kuitwa, wa kulaumiwa hapo si watoto. Kazi zimegawanywa vibaya, na wenye nyumba wanaweza kuzigawa upya wiki hii hii.