Hupendi mtindi? Kabla ya kununua chupa, uliza moto ulipita lini

Kila mwaka, Wiki ya Maziwa inapofikia kilele chake Juni 1, tunapata swali lilelile kutoka kwa watu wasioweza mtindi. Wapo unaowachefua kwa ukali wake, wapo wanaojaa gesi, na wapo ambao tangu utotoni hawautaki tu, na hawadaiwi maelezo. Wote wanauliza: hao bakteria rafiki mnaowasifu nitawapata wapi kwingine? Siku hizi swali linakuja na mkia. Muulizaji ameshanunua kitu: chupa ya siki ya tufaha, kopo la achari, au kinywaji cha "kusafisha utumbo" kilichotangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Anachotaka ni tumthibitishie alichonunua. Mara nyingi hatuwezi.

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) walikubaliana kwamba probaiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa mtumiaji faida ya kiafya. Kwa hiyo vijidudu viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwe imepimwa kwa aina hiyohiyo ya kijidudu, siyo kwa ndugu yake. Vyakula vingi vya kienyeji vina bakteria hai lakini havijapimwa kwa namna hiyo. Ni vyakula vizuri, ila tunaviita vyakula vilivyochachushwa na tunaishia hapo.

Kwa matumizi ya jikoni, swali la kwanza ni moto ulipita lini: kabla ya kuchacha au baada yake. Bakteria wanaochachusha chakula hawahimili kuchemshwa. Mkate na vitumbua vimeumuka kwa vijidudu, lakini tanuri na kikaango vimewamaliza. Kivunde cha muhogo kinachachushwa, kinakaushwa, kinasagwa, kisha kinasongwa ugali. Bakteria hawafiki mezani. Na uji wa unga uliolowekwa ukachacha halafu ukachemshwa, ambao tunabishana juu yake karibu kila semina, nao uko kundi hilo. Ukali unaousikia mdomoni ni asidi iliyobaki. Asidi hiyo ina faida yake, na kuchachusha kunapunguza faiteti, kemikali ya nafaka inayoyashikilia madini, hivyo mwili unapata madini ya chuma na zinki kwa urahisi zaidi. Endelea kuunywa. Ila usitarajie bakteria hai ndani yake.

Togwa ni kinyume chake, na kwa Mtanzania asiyependa mtindi ndiyo jibu la karibu kuliko yote. Uji hupikwa kwanza, ukaiva vizuri, ukaachwa mpaka uwe vuguvugu. Ndipo unaongezwa unga wa kimea, mara nyingi cha ulezi, ambao unaulainisha na kuutia utamu, pamoja na kiasi kidogo cha togwa ya jana. Unafunikwa hadi kesho yake. Moto umetangulia, bakteria wamefuata, na anayeinywa anawanywa wakiwa hai. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini walilinganisha watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa na wale waliopewa usiochachushwa, na kuhara kulikuwa kuchache kwa waliopewa uliochachushwa. Kama kinachokuchefua kwenye mtindi ni ukali, ionje togwa mapema, utamu wa kimea ukiwa bado unasikika.

Hapa inabidi tuwe waangalifu kuliko msomaji atakavyopenda. Unga wa kimea unaingia ukiwa mbichi, kwa hiyo usafi wake ndio usafi wa togwa yako. Ile togwa ya jana inaharakisha asidi ili vimelea vibaya visipate nafasi. Anayeiruka akategemea bahati anaongeza hatari. Maji ya kuzimulia yawe yamechemshwa. Mtama ulioota una kemikali inayozalisha sianidi, hasa kwenye chipukizi na mizizi, kwa hiyo hivyo viondolewe kabla ya kusaga, au utumie ulezi. Ikikaa siku mbili tatu kwenye joto la Dar es Salaam, togwa huanza kuwa na kilevi, na haimfai tena mtoto. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi kabisa; yeye ni maziwa ya mama peke yake.

Halafu kuna ukungu. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba kuchachusha "kunaua sumu", kwa hiyo nafaka iliyovunda inafaa kwa kimea. Haifai. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa uhakika kwa kuchachusha, wala kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliwagusa watu 68 na kuua 20. Kiwango kinachokubalika kwa mahindi Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za aflatoksini, ambayo ni sumukuvu mojawapo, kwa kilo, na jicho haliwezi kuzipima. Mahindi yenye ukungu hayana matumizi ya pili jikoni.

Asiyetaka togwa ana kabichi. Katakata kilo moja, pima chumvi gramu 20 hadi 25, fikicha mpaka itoe maji yake, ishindilie kwenye chupa safi ya kioo hadi maji hayo yaifunike, kisha weka kitu kizito juu isielee. Usikaze kifuniko, gesi itatoka. Kwenye joto la Pwani itakuwa tayari ndani ya wiki. Lushoto au Njombe itachukua muda mrefu zaidi. Usipunguze chumvi ukidhani unajali afya, maana ndiyo inayowazuia waharibifu katika siku za mwanzo. Ukiona ukungu wenye manyoya, tupa yote. Mwenye shinikizo la juu la damu ahesabu: gramu 100 za kabichi hiyo zina chumvi gramu 2 hivi, na WHO inashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku.

Achari ya dukani, ya siki na mafuta, siyo ndugu yake. Ukali wake umetiwa, haukuzalishwa na bakteria. Siki nyingi zimechujwa au kupashwa moto, na hata ile yenye utando wa bakteria haijathibitishwa kuwa probaiotiki.

Sasa wauzaji, maana nusu ya wanaotuuliza ni ninyi. Tangu Julai 1, 2019, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bado watu wanapeleka mafaili ya togwa kwenye mamlaka ya dawa. Mjasiriamali mdogo aanzie Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, apate barua ya utambulisho, aiwasilishe TBS. Jengo litakaguliwa na kusajiliwa, sampuli itachukuliwa na kupimwa, na ikikidhi kiwango atapewa leseni ya alama ya ubora. Lebo ifuate kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula, EAS 38: jina la chakula, viambato, ujazo halisi, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na maelekezo ya kuhifadhi. Togwa hai isiyosema "hifadhi kwenye baridi" itaendelea kuchacha ndani ya chupa mpaka ipasuke. Ukiandika "probaiotiki", uwe tayari kutaja aina ya bakteria na idadi yao hadi siku ya mwisho wa matumizi. Ukiandika "inatibu vidonda vya tumbo" au "inaondoa kisukari", umetoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa usiyoisajili. Kutumia alama ya ubora bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 130. Bidhaa huzuiwa na kuondolewa sokoni, na mhusika anaweza kufikishwa mahakamani. "Sikujua" si utetezi.

Anayeanza kutumia togwa au kabichi hiyo, aanze na nusu kikombe kwa siku chache. Gesi kidogo ni kawaida. Mgonjwa anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo au ambaye kinga yake imeshuka sana asianze bila kumuuliza daktari wake. Anayetumia antibayotiki aache saa kadhaa zipite kati ya dawa na chakula hicho.

Mwenye malalamiko asitume picha ya chupa tupu iliyobanduliwa lebo. Ihifadhi chupa na kilichobaki ndani kwenye jokofu, nakili namba ya toleo, tunza risiti, andika mahali na siku uliponunua, kisha ipeleke kwa afisa afya wa kata au ofisi ya kanda ya TBS. Bila namba ya toleo hatuna cha kufuatilia sokoni.